Mbinja Iliyotoka Ndani ya Redio

Msomaji, ukipiga uzi mmoja wa gitaa, uzi mwingine uliokazwa kwa sauti ile ile huitikia ijapokuwa haukuguswa. Koili za redio zina tabia kama hiyo. Waya uliozungushwa mara nyingi, ukiungwa na kapasita, huitikia wimbi moja na kuyapuuza mengine. Ndivyo msikilizaji achaguavyo kituo. Lakini kitu kijuacho kuitika huweza kuitika hata kisipoitwa.

Jambo hili liliwasumbua sana Wamarekani baada ya mwaka 1920, utangazaji ulipoanza kuenea kwao. Ili wasikie vituo vya mbali, waliunga mfululizo valvu kadhaa, yaani taa za kukuzia nguvu, zenye koili zilizorekebishwa ziitikie wimbi moja. Basi sehemu ndogo ya nguvu iliyotoka katika valvu ilipenya na kurudi ilikoingilia, ikakuzwa upya, ikarudi tena, hata chombo kikapiga mbinja chenyewe. Wala adha hiyo haikuwa ya mwenye redio peke yake: mara nyingi ilitoka kwa eriali yake ikawaharibia majirani usikivu wao. Chombo cha kupokea kiligeuka kuwa cha kurusha.

Wengine waliizima mbinja kwa kupunguza nguvu ya chombo, wakapoteza na vituo walivyovitafuta. Louis Hazeltine, profesa wa Stevens Institute of Technology katika jimbo la New Jersey, alishika njia ya hesabu. Aliona kwamba uvujaji ule umo katika umbile la valvu, haukuzibika. Walakini uliweza kupingwa. Akatia kapasita ndogo iliyorudisha nguvu sawa na ile iliyovuja, ila kwa mwelekeo wa kinyume, zikauana. Dawa ya moto ni moto. Tena alizilaza koili mshazari, zote sambamba, kwa pembe ya karibu nyuzi 55, ili sumaku ya moja isiisumbue nyingine. Mwaka 1923 aliueleza hadharani uvumbuzi huo, ulioitwa Neutrodyne, na redio za namna hiyo zikanunuliwa kwa wingi.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 zilitokea valvu zenye wavu wa kinga, na haja ya dawa ile ikapungua. Fundisho lake halikupungua. Hata leo mwundaji wa kichujio cha mawimbi hukuta kwamba mizunguko ya koili, kwa kukaribiana kwake, hufanya kazi ya kapasita, na koili ikaitikia wimbi asilolikusudia. Basi, msomaji, kasoro iliyo katika umbile la kitu haifukuzwi kwa hasira. Hupimwa kwanza, ndipo ikatafutiwa kipingamizi cha kadiri yake.