Kupunguza uzito baada ya kujifungua bila kujinyima chakula

Miezi michache baada ya kujifungua, akina mama wengi husikia maneno mawili yanayopingana. Nyumbani wanaambiwa wale sana ili maziwa yatoke: mtori, supu, uji mzito, chai ya maziwa. Wakitoka nje wanaulizwa mbona wamenenepa hivyo. Hapo ndipo mama anapoanza kujinyima. Anaruka kifungua kinywa, anakunywa majani aliyouziwa mtaani, anajifunga kanga tumboni mpaka anapumua kwa shida. Baada ya wiki mbili uzito umepungua. Baada ya miezi miwili umerudi wote, na mama anajiona ameshindwa.

Hajashindwa yeye. Njia aliyoifuata ndiyo isiyodumu. Makala hii inaeleza njia ya polepole ambayo mama anaweza kuifuata huku akiendelea kunyonyesha, kupika kwa ajili ya familia na kufanya kazi zake.

Mambo muhimu ya kukumbuka

- Usijinyime chakula unaponyonyesha. Badilisha aina na kiasi cha chakula.
- Lenga kupunguza takriban nusu kilo kwa wiki, si zaidi.
- Anza na vinywaji vyenye sukari na mafuta ya kupikia.
- Kutembea kwa miguu ni mazoezi kamili. Huhitaji kulipia ukumbi wa mazoezi.
- Mjamzito hapaswi kufuata mpango wa kupunguza uzito. Aulize kliniki.

Nini hutokea mwilini baada ya kujifungua?

Siku ya kujifungua, mama hupungua takriban kilo 5 hadi 6, ambazo ni uzito wa mtoto, kondo la nyuma, maji na damu. Maji mengine hutoka katika wiki zinazofuata kwa njia ya mkojo na jasho. Mfuko wa uzazi huchukua takriban wiki 6 kurudi katika ukubwa wake wa kawaida, kwa hiyo tumbo kuonekana kubwa katika kipindi hicho si unene.

Kinachobaki baada ya hapo ni mafuta ambayo mwili uliyaweka akiba wakati wa ujauzito. Sehemu ya akiba hiyo hutumika kutengeneza maziwa. Mama anayenyonyesha maziwa yake tu anahitaji takriban kalori 500 zaidi kwa siku kuliko kawaida yake. Ndiyo maana kunyonyesha huwasaidia baadhi ya akina mama kupungua, na ndiyo maana kujinyima wakati huo huleta kizunguzungu na uchovu, na kunaweza kupunguza maziwa.

Je, uzito wangu ni tatizo la kiafya?

Si kila mama aliyenenepa baada ya kujifungua ni mgonjwa. Vipimo viwili vinaweza kukusaidia kujua ulipo.

*Uwiano wa uzito na urefu.* Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mfano, mama mwenye kilo 78 na urefu wa mita 1.60 atagawanya 78 kwa 2.56 na kupata takriban 30. Kati ya 18.5 na 24.9 ni uzito wa kawaida. Kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene uliopitiliza. Kipimo hiki hakitumiki kwa mjamzito.

*Kiuno.* Tumia futi ya fundi cherehani, uizungushe kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kwa mwanamke, kiuno kinachozidi sentimita 80 huongeza hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo, na kinachozidi sentimita 88 huiongeza zaidi. Subiri tumbo lirudi kwanza kabla ya kutumia kipimo hiki.

Habari njema ni kwamba huhitaji kurudi kwenye mwili wa usichana ili upate faida. Kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito hutosha kushusha shinikizo la damu na sukari kwa watu wengi. Kwa mama wa kilo 78, hizo ni kilo 4 hadi 8. Kwa nusu kilo kwa wiki, kilo 4 ni safari ya miezi miwili.

Kama ulipata kisukari cha mimba, hata kama sukari ilishuka ulipojifungua, bado uko katika hatari kubwa ya kupata kisukari baadaye. Pima tena kati ya wiki 6 na 12 baada ya kujifungua, kisha kila baada ya mwaka 1 hadi 3.

Anza na sukari na mafuta

Hapa ndipo mabadiliko madogo hufanya kazi kubwa, kwa sababu vitu hivi huongeza kalori nyingi bila kushibisha.

- *Chai.* Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina takriban gramu 4. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, ni gramu 36. Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa ni bora zaidi sukari ya kuongeza isizidi takriban gramu 25 kwa siku, yaani vijiko 6. Punguza nusu kijiko kila wiki na ulimi utazoea.
- *Soda na juisi za dukani.* Chupa moja ya soda huwa na takriban vijiko 7 hadi 9 vya sukari. Kunywa maji, au kula chungwa zima badala ya juisi yake.
- *Mafuta ya kupikia.* Kijiko kimoja cha chakula kina takriban kalori 120. Usimimine kutoka kwenye dumu. Pima kwa kijiko.
- *Vitu vya kukaanga.* Maandazi, vitumbua, sambusa na chipsi viwe vya siku mojamoja. Asubuhi nyingine kula viazi vitamu, mihogo ya kuchemsha au yai.

Sahani yako iwe na nini?

Huna haja ya kupika chungu chako peke yako. Kula chakula kilekile cha familia, lakini panga sahani upya:

- Nusu ya sahani ni mboga: mchicha, matembele, kisamvu, kabichi, bamia au kachumbari.
- Robo ni chakula cha kujenga mwili: maharage, choroko, dagaa, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta mengi.
- Robo ni wanga: ugali, wali, ndizi au viazi. Kiasi chake ni kama ngumi yako. Ugali wa dona hushibisha kwa muda mrefu kuliko wa sembe.

Pakua mboga kwanza na ugali mwisho, utaona nafasi ya ugali inapungua yenyewe. Kwenye sinia la pamoja ni vigumu kujua umekula kiasi gani, kwa hiyo jitengee sahani yako.

Mama anayenyonyesha aongeze mlo mdogo mmoja au miwili kati ya milo, kama bakuli la mtindi, ndizi na kiganja cha karanga, au yai la kuchemsha. Mtori na supu si adui. Chotea mafuta yanayoelea juu, na ongeza mboga ndani.

Mazoezi ya mama mwenye mtoto mchanga

Kama ulijifungua kwa njia ya kawaida bila matatizo, unaweza kuanza kutembea taratibu ndani ya siku chache, kadiri unavyojisikia. Kama ulifanyiwa upasuaji, usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wako katika wiki za kwanza, na uliza mhudumu wa afya kwenye hudhurio la wiki ya 6 kabla ya kuanza mazoezi mengine.

1. *Misuli ya nyonga.* Bana kama unayezuia mkojo, hesabu hadi tano, achia. Rudia mara 10, mara tatu kwa siku. Husaidia wanaovuja mkojo wakikohoa au kucheka. Usiyafanye wakati unakojoa.
2. *Kutembea.* Anza na dakika 10 kwa siku. Kila wiki ongeza dakika 5 hadi ufike dakika 30, siku 5 kwa wiki. Hizo ni dakika 150, kiwango cha chini anachoshauriwa mtu mzima. Mwendo uwe wa haraka kiasi kwamba unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.
3. *Kukaa na kusimama.* Kaa kwenye kiti, simama bila kushika kitu, kaa tena. Rudia mara 10.
4. *Kusukuma ukuta.* Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja, kunja viwiko, sukuma urudi. Rudia mara 10.

Fanya la tatu na la nne mara mbili kwa wiki. Kama huna nusu saa, gawanya: dakika 10 ukienda sokoni, 10 ukirudi kliniki, 10 jioni mtoto akiwa na baba yake.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

*Kufunga tumbo kwa kanga kunapunguza kitambi?* Hapana. Kanga iliyofungwa kwa wepesi inaweza kukupa nafuu ya mgongo, lakini haiyeyushi mafuta. Ikibanwa sana huleta maumivu na hukandamiza misuli ya nyonga ambayo bado imelegea.

*Vipi kuhusu chai na vidonge vya kupunguza uzito?* Usivitumie, hasa unaponyonyesha. Chai nyingi za aina hiyo huharisha. Unapoteza maji, si mafuta. Baadhi ya vidonge vimekutwa na dawa zisizoandikwa kwenye pakiti, ikiwemo sibutramini, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo na mishipa ya damu.

*Je, sindano ya uzazi wa mpango ndiyo inaninenepesha?* Sindano ya miezi mitatu huongeza uzito kwa baadhi ya wanawake. Usiiache kimyakimya ukajikuta na mimba usiyoipanga. Rudi kituoni, kuna njia nyingine.

*Nilipungua, sasa uzito umekwama. Kwa nini?* Mwili mwepesi hutumia nguvu kidogo kuliko mwili mzito, kwa hiyo kasi hupungua. Angalia kiuno na gauni lako pia. Pima uzito mara moja tu kwa wiki, asubuhi, kwa mizani ileile.

*Nimekula sana kwenye harusi. Nimeharibu kila kitu?* Hapana. Mlo mmoja haunenepeshi. Usijiadhibu kwa kushinda na njaa kesho yake. Rudi kwenye sahani yako ya kawaida mlo unaofuata.

Familia inaweza kusaidia vipi?

Mama asiyelala hutamani vitu vitamu, na hana nguvu za kutembea. Bibi au baba akimshika mtoto saa moja ili mama alale au atembee, amesaidia kuliko kumshauri apungue. Acheni utani kuhusu mwili wake, na msimlazimishe kumaliza sahani mliyompakulia. Chakula kikibadilika, kibadilike kwa nyumba nzima. Lakini usimwekee mtoto masharti ya kupunguza uzito bila ushauri wa mtaalamu, kwa sababu yeye bado anakua.

Nenda kituo cha afya mara moja ukiona

- kuumwa kichwa sana, kuona ukungu, au uso na mikono kuvimba ghafla
- damu nyingi inayolowesha pedi ndani ya saa moja
- homa, au kidonda cha upasuaji kutoa usaha
- mguu mmoja kuvimba na kuuma, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida
- huzuni isiyoisha, au mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto

Muone mhudumu wa afya pia ikiwa uzito unapungua bila wewe kutaka, hasa kama una kiu kali na kukojoa mara kwa mara, au kikohozi kilichozidi wiki mbili.

Ujauzito ulichukua miezi tisa kuongeza uzito huo. Upe mwili wako angalau muda kama huo kuupunguza. Wiki hii chagua jambo moja tu, kwa mfano nusu kijiko cha sukari kwenye kila kikombe au dakika 10 za kutembea. Likishakuwa mazoea, ongeza la pili.