Kutoka Wazimu hadi Kiwewe: Historia Fupi ya Istilahi za Maumivu ya Nafsi katika Mwambao wa Ruvuma

Utangulizi

Makala haya yanahusu maneno ambayo Kiswahili kimeyatumia, tangu enzi ya ukoloni hadi leo, kutaja maumivu ya nafsi yanayompata mtu baada ya vita, baada ya kuyahama makazi yake kwa nguvu, au baada ya maafa ya maumbile. Nimeuchagua mwambao wa Mtwara na mlango wa mto Ruvuma kwa sababu watu wa huko wameyaona mambo hayo zaidi ya mara moja katika umri wa mtu mmoja. Aidha, katika zahanati, mpakani na penye kugawiwa misaada, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha Mmakonde, Mmakua, Myao na Mmwani na yule anayewahudumia. Shabaha ya makala ni kuonyesha kwamba uchaguzi wa istilahi katika jambo hili si suala la kuipamba kamusi. Ni suala la kumfanya mtu aliyeumia aitike, au akatae, anapoulizwa hali yake.

Istilahi za Hospitali na za Sheria

Neno la zamani kwa mtu aliyeharibikiwa na fahamu ni mwendawazimu. Ukilichambua utaona kwamba wazimu wana udugu na mzimu na mizimu, yaani pepo za waliokufa. Basi chanzo cha ugonjwa kilikuwa nje ya mtu, na tiba yake ilitafutwa kwa mganga na katika ngoma za pepo, mbele ya jamaa na majirani.

Serikali za kikoloni zilileta mahali pengine pa tiba. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, makao yaliyojengwa na wamisionari wa Kijerumani kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani yaligeuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20. Waingereza nao wakafungua hospitali ya Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Kwa Mmakonde wa Newala au mvuvi wa Msimbati, Dodoma ilikuwa mbali mno, lakini jina lilifika. Hata leo kumwambia mtu aende Mirembe ni kumtukana.

Sheria ya kikoloni ilitaja magonjwa ya akili, na istilahi hiyo ilidumu katika sheria za nchi miaka mingi baada ya Uhuru, mpaka ilipotungwa Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Badiliko la neno magonjwa kuwa afya si dogo, kwani kila mtu ana afya, njema au mbaya, ilhali si kila mtu ni mgonjwa. Hata hivyo neno akili lilibaki pale pale, nalo lina taabu yake. Katika mazungumzo ya kila siku akili ni uwezo wa kufikiri na kupambanua mambo, na kusema kwamba fulani hana akili ni tusi. Kiswahili hakiyaweki majonzi katika akili. Huyaweka moyoni, rohoni au nafsini. Bahati mbaya neno moyo limekwisha kuchukuliwa na madaktari wengine, kwani ugonjwa wa moyo ni ugonjwa wa kiungo kinachosukuma damu.

Waliovuka Mto

Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO, iliyokuwa imeundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilianza vita vya ukombozi kaskazini mwa Msumbiji. Kumbukumbu ya Mueda, ambako wananchi waliuawa na utawala wa Kireno tarehe 16 Juni 1960, ilikuwa bado mbichi. Makumi ya maelfu ya watu wakauvuka Ruvuma. Wengine walipokelewa na jamaa zao, kwa maana mto huo haukuwahi kuigawa lugha wala ukoo. Wengine wakapelekwa katika makazi kama Rutamba, mkoani Lindi. Mjini Mtwara FRELIMO ilikuwa na hospitali iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa vitani mwaka 1968.

Msamiati wa msaada wa siku hizo ulikuwa wa ardhi, mbegu, majembe, chakula, dawa na shule. Haikuwapo istilahi rasmi ya Kiswahili ya kumtaja mama asiyelala usiku kwa sababu ya aliyoyaona Mueda. Lakini pasipo istilahi haina maana kwamba hapakuwa na maneno. Kiswahili kilikuwa na kihoro, yaani majonzi makubwa ya kupotelewa. Fadhaa, kutotulia kwa moyo. Bumbuwazi, hali ya mtu kuduwaa asiweze kunena. Jakamoyo, wasiwasi usiokwisha. Na kuweweseka, kusema usingizini kwa hofu. Kadhalika kilikuwa na maneno ya tiba: kufariji, kuliwaza, kutuliza, kupa pole. Zaidi ya hayo kilikuwa na taratibu zenye majina. Katika matanga majirani huja kulala msibani, mfiwa asiachwe peke yake. Watani huingia na mizaha yao. Kisha siku ikifika, tanga huanuliwa na mfiwa hurudi kazini kwa ruhusa ya jamii nzima.

Hapo ndipo ulipo uzito wa mambo. Mtu aliyekimbia bila kuzika hana tanga la kukaa, na asiyekaa tanga hana siku ya kulianua. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975 na wengi walirejea kwao, lakini vita vingine vilifuata huko, vikamalizwa kwa mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992.

Istilahi Mpya Zafika

Mwaka 1980 chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliingiza katika orodha yake rasmi ugonjwa unaofuata baada ya tukio la kutisha, hasa kutokana na hali ya askari waliorudi kutoka Vietnam. Msingi wa jina hilo ni neno la Kigiriki lenye maana ya jeraha. Baada ya vita vya Yugoslavia, na baada ya watu wapatao 250,000 kuingia Ngara kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja mwezi Aprili 1994, huduma za nafsi zilizidi kuhesabiwa kuwa sehemu ya misaada ya dharura. Mwaka 2007 kamati inayounganisha Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada ilitoa mwongozo wenye ngazi nne. Ya chini kabisa ni usalama na mahitaji ya lazima. Ya pili ni msaada wa familia na jamii. Ya tatu ni msaada wa mtu kwa mtu utolewao na wahudumu waliofundishwa wasio mabingwa. Ya juu ni tiba ya mabingwa.

Watafsiri walitumia njia tatu. Kwa kutohoa walipata saikolojia, iliyoishinda elimunafsi. Kwa tafsiri ya neno kwa neno walipata msaada wa kisaikolojia na kijamii. Kwa kupanua maana walikichukua kiwewe, neno la siku nyingi la mtu aliyebabaika kwa hofu, na sonona, linalotokana na kusononeka, kwa ajili ya ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Njia hii ya tatu ndiyo iliyozaa matunda bora, maana msikilizaji anapolisikia neno hulitambua kuwa la kwao.

Ruvuma Tena

Tarehe 5 Oktoba 2017 mji wa Mocímboa da Praia, Cabo Delgado, ulishambuliwa na watu wenye silaha, ukawa mwanzo wa vita vipya. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado, na siku hiyo wakazi wa mabondeni mjini Mtwara waliagizwa wahamie mahali salama. Mwezi Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wa Tanzania, nacho kikashambuliwa. Tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma, na kufikia katikati ya mwaka huo waliohama makwao katika Cabo Delgado walizidi 700,000. Wengine walijaribu kuvuka kuja Tanzania. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilieleza mwaka huo kwamba maelfu walirudishwa kupitia Negomano.

Tuchukue mfano wa mama wa Palma anayeulizwa na mhudumu: "Mama, una matatizo ya akili?" Atajibu hana, tena kwa haraka, maana mtu aliye ugenini hawezi kukubali kuitwa kichaa mbele ya watu ambao uamuzi wao anaungoja. Lakini akiulizwa, "Pole, mama. Usiku unalala? Hushtuki? Moyo umetulia?" ataeleza. Maswali yote mawili yanaweza kuwa tafsiri ya swali moja katika fomu. La kwanza ni sahihi kwa kamusi na limefeli kazini.

Mapendekezo

Kutokana na historia hii napendekeza mambo manne yajadiliwe.

Kwanza, afya ya akili libaki kuwa jina la taaluma na la sheria, lakini lisitumiwe katika maswali ya ana kwa ana.

Pili, kiwewe kitumike kwa hali ya nafsi tu, na jeraha liachiwe mwili, ili daktari wa upasuaji na mshauri wa nafsi wasigongane katika ripoti moja.

Tatu, kwa ngazi ya pili na ya tatu tufikirie neno maliwazo, kwa mfano maliwazo ya jamii, badala ya fungu la maneno matano ambalo kijijini halitamkiki.

Nne, aliyeokoka aitwe manusura. Neno mwathirika humfunga mtu katika yaliyompata. Manusura husema kwamba yamempata na bado yu hai.

Hitimisho

Mwaka 1964 tulikuwa na maneno bila istilahi. Leo tuna istilahi nyingi, na hatari iliyopo ni kuyasahau maneno. Fomu zitaendelea kuletwa kwa lugha za kigeni, na zitatafsiriwa upesi kwa sababu maafa hayangoji kikao. Kwa hiyo yafaa kazi ya kuchagua ifanywe mapema, wakati wa utulivu. Walimu, waganga na watumishi wa mikoa ya kusini wanaombwa watuletee maneno wanayoyasikia kwa watu wenyewe, ya Kiswahili na ya lugha za jirani, pamoja na maana zake na mahali yanapotumika.