Uhaba Uliotokana na Mtego

Jina kirukanjia humtaja mnyama kwa mahali ambapo watu hukutana naye: njiani, mara nyingi akiwa keshakufa. Maisha yake yenyewe, chini ya majani yaliyooza, hayamo katika jina hilo. Wataalamu wa Amerika Kaskazini nao waliteleza hapohapo kuhusu kirukanjia wao mdogo, Sorex hoyi, mwenye uzito wa gramu 2 hadi 4 hivi. Spencer Baird alimtambulisha mwaka 1857 kwa kielelezo kilichotoka Racine, Wisconsin, akampa jina la Philip Hoy, daktari wa mji huo. Baadaye ilionekana kwamba ameenea tangu Alaska, kupitia misitu ya Kanada, hadi milima ya Appalachia. Hata hivyo vitabu viliendelea kumwita adimu. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya uhaba huo ilitokana na mtego, haikuwa ya msitu.

Wakusanyaji wa makumbusho walitegemea mtego wa panya, ule wa waya unaofyatuka. Kwa panya ni chombo hodari. Lakini mnyama wa gramu 3 aweza kupita juu yake usifyatuke, na chambo cha nafaka hakimvuti sana mla wadudu. Zaidi ya hayo, mitego ilitegwa pale alipotarajiwa kupatikana. Aliyemtafuta kwenye vinamasi alimpata kwenye vinamasi, akaandika kwamba hayo ndiyo makazi yake. Mambo yalibadilika watafiti walipozoea kufukia makopo na ndoo, mdomo ukiwa sawasawa na ardhi. Shimo halihitaji uzito wala chambo. Mpita njia hutumbukia tu. Ndipo akapatikana pia katika mashamba yaliyoachwa, misitu iliyokatwa na hata sehemu kavu kiasi. Aina yake ya kusini, iliyotambulishwa na Edward Preble mwaka 1910 kutoka kando ya mto Potomac huko Virginia, ilijulikana kwa vielelezo vichache mno kwa miongo mingi, hadi ndoo zilipoanza kuitoa katika majimbo ya jirani.

Mtu atasema ndoo nayo ina upendeleo wake. Ni kweli: panya wakubwa huruka wakatoka, na idadi ya wanaotumbukia hupima mwendo wao sawa na wingi wao. Kwa hiyo sidai kwamba ndoo imetupa hesabu kamili ya msitu. Imeonyesha tu kwamba mkono mtupu wa mtegaji haukuwa ushahidi wa msitu mtupu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hata ndani ya ndoo, jamaa yake Sorex cinereus kwa kawaida humzidi kwa mbali. Hilo nalikubali. Ila kuwa wachache kuliko jirani si sawa na kuwa adimu, na hata ulinganisho huo una mtego wake. Wawili hawa hufanana mno kwa nje. Hutofautishwa kwa uhakika kwa meno ya juu, maana kwa Sorex hoyi mawili kati ya meno madogo matano ya kila upande yamefifia kiasi kwamba kutoka ubavuni huonekana matatu tu. Anayehesabu manyoya bila kusafisha fuvu na kushika lenzi, huyo hajahesabu.