Ijara na Hiari

Karani mmoja wa ghala bandarini, sahibu yangu wa miaka mingi, alinijia usiku baada ya sala ya isha akiwa na barua iliyokwisha kuchakaa mikunjoni kwa kukunjuliwa na kukunjwa, akaiweka juu ya jamvi baina yetu. Ilimpandisha cheo awe msimamizi wa zamu ya usiku, mshahara ukizidi kwa theluthi. "Ndugu yangu," aliniuliza, "hii ni neema au ni mtihani?"

Wanachuoni wa uchumi walianza kulitafakari swali hili zamani. Adam Smith, katika kitabu chake cha 1776, alieleza kuwa kazi yenye adha hudai ujira mkubwa ili ipate watu. Lakini humo humo alionya, na onyo hili aghalabu husahauliwa, kwamba mfanyakazi alipwaye vizuri kwa kadiri ya kazi anayoitoa huelekea kujichosha kupita kiasi, hata seremala wa London hakudhaniwa kudumu katika ukamilifu wa nguvu zake zaidi ya miaka minane.

Ushahidi ulio wazi zaidi, kwa rai yangu, ulitokea Marekani. Mwaka 1913, Henry Ford alipoanzisha katika kiwanda chake cha Highland Park utaratibu wa kuunga magari ambao gari husogea na mtu husimama pale pale akirudia tendo moja kutwa, wafanyakazi walikimbia kwa wingi hata idadi ya walioacha kazi mwaka ule ikazidi mara tatu ya nafasi zilizokuwamo. Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku ya saa 8, mahali pa dola mbili na ushei kwa saa 9, na umati ukajaa malangoni. Lakini sehemu kubwa ya fedha hiyo ilihesabiwa kuwa fungu la faida, wala hakupewa ila yule ambaye wachunguzi wa kampuni, waliofika mpaka nyumbani kwake, waliridhika na mwenendo wake. Aliyedhani ameuza saa 8 alikuwa ameuza na faragha ya mlango wake.

Sisemi fedha ni kitu duni: mtu ambaye watoto wake wamerudishwa kutoka shule kwa kukosa ada ana dhiki kubwa kuliko ya zamu yoyote, naye asilaumiwe akipokea. Hoja yangu ni kwamba uzito wa kazi peke yake si mizani ya kutosha. Robert Karasek alieleza mwaka 1979 kuwa kinachomdhuru mtu ni madai makubwa yanapokutana na uchache wa hiari; na uchunguzi wa watumishi wa serikali mjini London ulioanza 1985, ukiongozwa na Michael Marmot, ulionyesha kwamba wasio na amri juu ya kazi yao ndio waliopatwa zaidi na maradhi ya moyo.

Basi nilimwuliza sahibu yangu: meli ikichelewa, nani atajibu? "Mimi." Na nani apangaye makuli na winchi? Akanyamaza kitambo, kisha akasema hayo huamuliwa na ofisi ya mchana. Nikamwambia kuwa barua ile inampa dhima bila ya mamlaka, na theluthi ya mshahara haitoshi kuilipia. Aliandika kuomba apewe amri juu ya makuli wa zamu yake. Jibu lilitaja mshahara tu, naye akabaki ghalani.