Daraja, Bei na Ushirika: Kipimo cha Nguvu za Kiongozi katika Uchumi wa Misungwi

Kwa miaka mingi msafiri wa kutoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita alifika Kigongo, wilayani Misungwi, akasubiri pantoni. Kungoja kwake kulikuwa riziki ya mama lishe na wachuuzi wa pale kivukoni. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua daraja la Kigongo–Busisi, ambalo mtangulizi wake, John Magufuli, aliliwekea jiwe la msingi Desemba 2019 na ambalo limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Gari sasa linapita bila kusimama. Uamuzi uliowapa ajira mafundi na vibarua kwa miaka mitano ndio uliomwondolea mchuuzi wateja wake.

Hata hivyo, daraja ni ushahidi wa nguvu halisi ya kiongozi. Anaweza kuamua zege limwagwe wapi na reli ipite wapi. Barabara ipitayo darajani ndiyo iendayo Chato, alikozaliwa Magufuli, na wapo wanaonong'ona kwamba aliwajengea watu wa kwao. Lakini haja ya kuvuka maji pale ilikuwepo kabla yake, na wagonjwa waliokwama usiku wakingoja kivuko hawakuwa wa Chato peke yao.

Tukigeukia bei ya pamba ya wakulima, nguvu hiyo inapungua ghafla. Msimu wa 2019 serikali ilitangaza bei elekezi ya shilingi 1,200 kwa kilo. Wakati huohuo Marekani na China zilikuwa zikivutana kwa ushuru, na bei ya nyuzi katika soko la dunia ikaporomoka. Wanunuzi walisita, kwa kuwa sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje na hakuna mfanyabiashara anayenunua ili apate hasara. Viongozi wakahimiza, benki zikaombwa mikopo, na wakulima wengi wakakaa miezi wakidai fedha za mzigo waliokwisha kuupima. Tangazo lilikuwa la nia njema. Halikuwa na fedha nyuma yake.

Kuna nguvu ya tatu, nayo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi: nguvu ya kuvunja taasisi. Wakulima wa Usukuma, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunda shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria mwaka 1955, likawa miongoni mwa makubwa kabisa barani Afrika, likamiliki viwanda vya kuchambua pamba. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika kwa amri. Sheria ya 1982 iliviruhusu tena, ila imani ya wanachama na ujuzi wa kuendesha biashara havirudishwi kwa sheria. Naona hasara hiyo ilikuwa kubwa kuliko ya msimu wowote wa bei mbaya, kwa sababu bei hupanda tena.

Kwa hiyo mgombea anayeahidi maelfu ya ajira Misungwi aulizwe mambo mahususi: utafiti wa mbegu pale Ukiriguru utapata bajeti gani, mkulima atalipwa siku ngapi baada ya kupima, chama chake cha msingi kitalindwaje dhidi ya amri za ghafla, na wachuuzi wa Kigongo wametengewa eneo gani la biashara. Hayo yako ndani ya uwezo wake. Bei ya pamba duniani haimo.