Nyumba za Maendeleo (Pemba)

Nyumba za Maendeleo ni majengo ya ghorofa yaliyojengwa na serikali katika miji ya kisiwa cha Pemba, hasa Wete, Chake Chake na Mkoani, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 12 Januari 1964.

Asili yake ni Unguja. Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mapema mwaka 1964, na wataalamu wa nchi hiyo wakasaidia kujenga mtaa wa ghorofa wa Kikwajuni. Serikali ya Rais Abeid Amani Karume iliuendeleza mtindo huo Michenzani, pia katika vijiji na Pemba. Lengo lilikuwa kuwapa wananchi nyumba za saruji zenye umeme na maji ya bomba, badala ya nyumba za udongo na makuti.

Msingi wa usanifu wake ni kurudiarudia. Vyumba, jiko na choo hupangwa kuwa makazi ya familia moja. Makazi hayo hupandanishwa kuzunguka ngazi, kisha ngazi nyingine huongezwa ubavuni. Ramani moja hutosha kwa jengo zima. Katika Ujerumani Mashariki kwenyewe mbinu hii ilifika mbali zaidi, kwa kuwa kuta nzima za zege zilitengenezwa kiwandani na kuinuliwa kwa kreni.

Faida kubwa ni kuweka familia nyingi mahali padogo. Lakini Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na miji yake mikuu imekaa juu ya miteremko inayoelekea baharini, ilhali jengo refu lililonyooka hutaka uwanja tambarare. Aidha, nyumba ya kawaida ya Kipemba ina ua wa kupikia kwa kuni, kufulia na kufugia kuku, na baraza ya kupokelea wageni. Ghorofani hakuna ua, na maji hupanda kwa nguvu ya pampu. Pampu nazo hutaka umeme: hadi 2010, Pemba ilipounganishwa na gridi ya taifa kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, kisiwa kilitegemea jenereta za dizeli. Maji yakikatika, ndoo hupandishwa kwa ngazi, kazi ambayo mara nyingi huwaangukia wanawake na watoto.

Matengenezo ni suala jingine. Paa, ngazi na mabomba ya maji machafu ni ya wakazi wote kwa pamoja, hivyo paa likivuja anayelowa ni wa juu, na wa chini huenda asione sababu ya kuchangia. Mwaka 2010 Zanzibar ilitunga sheria ya umiliki wa majengo ya aina hii, inayotenganisha makazi ya mtu binafsi na sehemu za pamoja.