Shajara ya umeme: Kidhibiti volteji kinapokuwa shahidi

SAA 5.29 asubuhi ya Juni 7, 2016, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma hiyo ilijizima, mitambo mingine kituoni ikaelemewa na kujizima pia, na zaidi ya megawati 180 zikatoweka kwenye gridi. Kenya nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alinusurika.

Kampuni ya KenGen, inayomiliki kituo hicho, iliueleza umma dakika ya tukio na mfuatano wake. Mambo ya aina hii huanza na kwisha kabla mtu hajainua macho. Hujulikana baadaye kwa sababu mitambo ya umeme, mfano wa nahodha wa meli, huweka shajara.

Miongoni mwa vifaa vinavyoandika shajara hiyo ni vidhibiti volteji, ambavyo kazi yake ni kuhakikisha kwamba volteji haipandi wala kushuka kupita kiasi.

Kazi ya kidhibiti

Umeme wa majumbani nchini Kenya hukusudiwa kuwa wa volti 240. Jioni, watu wanapowasha taa na televisheni, mzigo huongezeka na volteji hushuka. Usiku wa manane mzigo hupungua na volteji hupanda. Kidhibiti huipima volteji wakati wote na kuilinganisha na kiwango kilichowekwa. Ikitoka nje ya mipaka, kidhibiti husubiri kwanza, mara nyingi nusu dakika au zaidi, ili kisihangaishwe na msukosuko wa kupita. Hali ikiendelea, huiamuru swichi ya transfoma ihame hatua moja juu au chini.

Aina moja inayotumika sana duniani kwenye nyaya za usambazaji ina hatua 32: 16 za kupandisha na 16 za kushusha. Kila hatua hubadilisha volteji kwa asilimia 0.625, yaani asilimia 10 kila upande.

Kazi hiyo ni ngumu zaidi mahali kama Garsen, Kaunti ya Tana River. Mto Tana huufikia mji huo baada ya kuzungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, lakini umeme wa gridi haufuati mkondo wa mto. Hufika kwa laini ya kilovolti 220 inayotoka Rabai, karibu na Mombasa, na kupitia Malindi na Garsen hadi Lamu, safari ya zaidi ya kilomita 300.

Laini ndefu yenye mzigo mdogo ina tabia ya kushangaza: volteji ya mwisho wake huweza kuwa juu kuliko ya mwanzo. Wahandisi waliitambua hali hiyo mwishoni mwa karne ya 19, nao huiita athari ya Ferranti, kwa jina la mhandisi Mwingereza Sebastian Ziani de Ferranti. Kwenye nyaya ndogo za kuelekea vijijini mambo kwa kawaida huwa kinyume: kadiri mteja anavyokuwa mbali, ndivyo volteji inavyomfikia ikiwa imedhoofika.

Habari za namna tatu

Kidhibiti cha kisasa hutoa habari za namna tatu, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni tahadhari. Hii huhusu jambo linalotokea sasa: volteji imevuka mpaka, swichi imekwama, au imefika hatua ya mwisho na haina pa kwenda. Hutumwa kwenye chumba cha udhibiti ili mtu achukue hatua mara moja.

Ya pili ni kumbukumbu ya matukio. Hii ni orodha ya kila kilichobadilika, pamoja na wakati wake, aghalabu hadi sehemu ya elfu ya sekunde. Humwonyesha mchunguzi kilichotangulia na kilichofuata.

Ya tatu ni takwimu za mfululizo. Volteji, mkondo na mzigo huandikwa kila baada ya muda maalumu, kwa mfano dakika 15, hata kama hakuna hitilafu. Takwimu hizi hazipigi king'ora, lakini hufichua maradhi yanayokuja polepole. Swichi iliyozoea kuhama mara 10 kwa siku ikianza kuhama mara 60, huenda mipaka imebanwa mno au mzigo umebadilika, na vyuma vyake vinalika. Fundi anayeliona hilo mapema hufika kabla swichi haijaharibika. Katika eneo ambalo mafuriko ya Tana, kama yale ya 2018 na ya mwishoni mwa 2023, hukata barabara, hiyo si faida ndogo.

Hata hivyo, hifadhi ya kifaa ina kikomo. Ikijaa, habari mpya hufuta za zamani. Kumbukumbu isiyochukuliwa mapema baada ya hitilafu huweza kupotea kabisa.

Saa na ukweli

Shajara isiyo na saa sahihi huzua mabishano badala ya kuyamaliza. Agosti 14, 2003, umeme ulipotea kwa watu wapatao milioni 50 nchini Marekani na Kanada. Uchunguzi ulibaini kwamba mfumo wa tahadhari wa kampuni moja ya jimbo la Ohio ulikuwa umekufa kwa zaidi ya saa moja bila wahudumu kujua. Walidhani ukimya ni dalili ya usalama. Wachunguzi nao walitaabika kupanga matukio kwa sababu saa za vinasa vingi hazikulingana. Walipendekeza vinasa vyote vifuate saa moja, na leo vituo vingi hupokea wakati kutoka kwa setilaiti.

Kenya ilikumbana na swali kama hilo Agosti 25, 2023, gridi ilipoanguka usiku. Kenya Power ilisema chanzo kilikuwa kupotea kwa umeme wa kituo cha upepo cha Lake Turkana. Wenye kituo walisema mitambo yao ilijizima kwa sababu volteji ya gridi ilipanda kupita kiasi. Mzozo ulihusu kipi kilitangulia, nalo ni swali ambalo hujibiwa kwa kumbukumbu za pande zote mbili zilizowekwa kwa saa moja.

Swali hilo humhusu pia mwenye duka Garsen ambaye jokofu lake limeungua. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inatambua fidia kwa anayepata hasara kutokana na umeme usio na ubora, na malalamiko yanaweza kufikishwa kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli (EPRA). Mteja hana kinasa, lakini anaweza kuandika tarehe, saa na dakika ya hitilafu, kisha kuripoti mapema na kuhifadhi nambari ya malalamiko. Maelezo hayo humwezesha kudai kwamba kumbukumbu ya kituo ya dakika ile ile ifunguliwe, kabla haijafutwa na matukio mapya.